Ukiwauliza watafiti swali, jina lako huenda wapi?

Huenda umewahi kuliona tangazo la aina hii katika ukuta wa zahanati, kwenye mlango wa duka la dawa au nyuma ya kiti cha matatu. Linakuuliza kama una umri wa miaka kadhaa hadi kadhaa, kama unaishi karibu, na kama ungependa kujua zaidi kuhusu utafiti fulani wa afya. Chini pana nambari ya simu, na mara nyingi karatasi yenyewe imekatwakatwa vipande vidogo pembeni ili uchane nambari uende nayo. Wengi huchana. Wachache hupiga simu. Hao wachache ndio ninaotaka kuwazungumzia leo.

Tangazo moja kama hilo lilikaa kwenye mlango wa kliniki yangu kwa miezi minne. Niliruhusu libandikwe kwa sababu lilihusu dawa za kuwakinga wasio na virusi vya Ukimwi, jambo ambalo ninaliunga mkono kwa moyo wote. Mama mmoja mwalimu, ambaye nimekuwa nikimtibu shinikizo la damu, aliniuliza siku moja kama watu hao ni wa kuaminika. Nikamwambia ni wa kuaminika. Alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeolewa na dereva wa malori ya masafa marefu, na alitaka kumuulizia. Nikamshauri apige simu. (Amenipa ruhusa ya kueleza kisa hiki, nami nimebadilisha mambo mawili matatu ili jirani yake asimtambue.)

Alipiga. Akaongea na binti mwenye adabu aliyemjibu vizuri kabisa, na kabla ya kukata simu binti akamuuliza jina, mtaa anaoishi, umri wake na kama ameolewa. Mama akajibu yote. Mtu aliyekutendea wema dakika kumi nzima utamnyimaje jina lako?

Miezi mitano baadaye, jioni, simu ya mama huyo ikiwa mezani inachajiwa, ujumbe uliingia. Ulimtaja kwa jina, ukamkumbusha kwamba aliwahi kuulizia utafiti wa kinga ya virusi vya Ukimwi, ukamwarifu kwamba sasa nafasi zimepatikana. Aliyeusoma kwanza ni mumewe.

Yaliyofuata katika nyumba hiyo sitayaeleza. Itoshe kusema kwamba alipokuja kupimwa presha wiki iliyofuata, kipimo kilinitisha, na nilipomuuliza kama amekuwa akimeza dawa zake alianza kulia. Kumbuka kwamba hakuna faili iliyoibwa hapa wala mtu aliyetoa siri kwa ubaya. Binti wa simu alifanya kazi aliyotumwa. Na mimi ndimi niliyesema piga.

Kesho yake niliwapigia wahusika. Walinipokea kwa heshima, na niliyeongea naye alisikitika kwa dhati. Lakini nilipomuuliza majina ya watu wanaopiga simu kuuliza huhifadhiwa wapi, na kwa muda gani, alinijibu hivi: "Daktari, hayo si maelezo ya utafiti. Hizo ni simu tu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu naamini lilikuwa jibu la kweli, na ningelipata katika miradi mingi.

Hebu tazama jinsi mtu anavyolindwa akishakubali kushiriki utafiti. Hukalishwa chini, akasomewa fomu ya idhini kwa lugha anayoielewa, akatia sahihi, au asiyejua kusoma akaweka alama ya kidole gumba mbele ya shahidi. Jina lake huandikwa katika orodha moja inayofungiwa mahali pa peke yake, na kuanzia hapo yeye ni nambari. Chupa ya damu ina nambari, fomu ya maswali ina nambari, na anayefanya hesabu kwenye tarakilishi huona nambari tu. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, lililopitishwa mwaka wa 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, mara ya mwisho mwaka wa 2024, linataka siri za watu hawa zilindwe. Hapa nchini utafiti wa binadamu hautakiwi kuanza kabla ya kupita mbele ya kamati ya maadili na kupata leseni ya tume ya NACOSTI. Kamati hizo husoma fomu neno kwa neno, hata tangazo la ukutani hulisoma kabla ya kubandikwa.

Ulinzi huo wote ni mzuri, ila unaanzia mlangoni. Anayesimama nje akiuliza njia haumfikii. Yeye si mshiriki, hajatia sahihi, hana nambari. Ana jina lake tu, na jina hilo limeandikwa katika daftari la kaunta au katika simu ya mradi inayopokezanwa na makarani watatu kwa zamu, pengine kando yake pakiwa na neno la kumkumbusha karani aliuliza nini. Simu hiyo ikiwa imeunganishwa na akaunti ya barua pepe ya karani mwenyewe, orodha nzima humfuata nyumbani, na humfuata hata mkataba wake ukiisha na akaajiriwa kwingine.

Lakini ni watafiti hao hao waliotuomba tuulize. Fomu yoyote halali ya idhini lazima iwe na mtu wa kuulizwa na namna ya kumpata. Sisi madaktari tumehubiri kwa miaka kwamba mgonjwa asikubali jambo asilolielewa, aulize kwanza. Sasa yule mwangalifu aliyetii na kuuliza ndiye anayebaki bila ulinzi, kuliko aliyekwenda moja kwa moja akatia sahihi.

Watu hufikiri kwamba siri ya ugonjwa imo katika majibu ya maabara. Mimi nimekaa na wagonjwa miaka ya kutosha kujua kwamba siri nyingi zimo katika swali. Mwanamume anayepiga simu kuuliza kama utafiti wa dawa ya kifua kikuu sugu unachukua watu waliowahi kukatiza matibabu, ameshakueleza historia yake. Msichana anayeuliza kama utafiti wa njia za kupanga uzazi unahitaji idhini ya mzazi, ameshakuambia mengi ambayo mamake hayajui. Hata anayemuulizia mwingine, kama yule mwalimu wangu, huandikwa yeye. Daftari haliandiki kwamba ni dada mtu. Linaandika jina, nambari na jina la utafiti, na atakayelisoma atajaza mengine mwenyewe.

Na usijidanganye kwamba ukikataa kutaja jina umejificha. Nambari ya simu ya Mkenya leo ni jina lake. Yeyote mwenye nambari hiyo akianza kukutumia pesa kwa M-Pesa ataonyeshwa jina lililosajiliwa kabla hata ya kuthibitisha kutuma. Tena simu nyingi ni za nyumba nzima: mtoto huichezea michezo, mume huiazima akiishiwa na salio, na ujumbe mpya hujitandaza juu ya kioo bila kuuliza nani anatazama. Anayetuma ujumbe wenye neno Ukimwi, kifafa au saratani kwa nambari aliyoipata miezi mitano iliyopita hajui ni macho ya nani yatakayousoma.

Najua watakalosema watafiti wenzangu, na sitaki kulipuuza, maana baadhi yake ni kweli. Watasema wanahitaji kumbukumbu. Wafadhili huuliza ni watu wangapi waliulizia na ni wangapi waliojiunga, na sayansi yenyewe inataka kujua kwa nini wengine walikataa. Sawa. Lakini hiyo ni hesabu, nayo hesabu haihitaji majina. Karani anaweza kuchora mistari mitano mitano kwenye karatasi kama tunavyohesabu kura za darasani, akaandika kando: mwanamke, thelathini hivi, hakuendelea kwa sababu ya umbali. Ripoti itakuwa na kila kitu inachohitaji na hakuna nyumba itakayovunjika.

Watasema pia kwamba wapo wanaopiga simu kueleza kwamba dawa waliyopewa imewadhuru. Hapo nakubaliana nao moja kwa moja. Mtu wa namna hiyo lazima aandikwe jina, atafutwe, atibiwe, na kamati ya maadili ijulishwe. Mradi ukishindwa kufanya hivyo mimi nitakuwa wa kwanza kulalamika. Halikadhalika anayesema kwa kinywa chake, "Nipigieni tena nafasi zikipatikana." Huyo ameomba. Aandikwe, aulizwe apigiwe saa ngapi, na je, tukipokelewa na mtu mwingine tuseme sisi ni nani? Swali hilo la mwisho halichukui hata nusu dakika, na lingalimwokoa yule mwalimu.

Nisichokubali ni kuwachanganya watu hawa wote katika daftari moja, kisha mradi unapopungukiwa na washiriki, daftari hilo hilo likageuzwa kuwa orodha ya kuvulia. Uliyempa jina lako akujibu swali, hukumpa akuite baadaye. Na kama mradi mwingine wa jengo hilo hilo utaazima orodha, maana wafanyakazi ni marafiki na wanakunywa chai pamoja, basi jina lako limeshaanza safari ambayo hutajua mwisho wake.

Sheria inasemaje? Nitapita haraka kwa kuwa mimi si wakili, lakini msomaji anapaswa kuijua. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na kutotakiwa kutoa habari za familia yake au mambo yake ya kibinafsi pasipo sababu, wala kufichuliwa habari hizo. Sheria ya Kulinda Data ilifuata mwaka wa 2019, na Kamishna wa Data wa kwanza akaanza kazi mwezi wa Novemba 2020. Sheria hiyo haijui tofauti kati ya "maelezo ya utafiti" na "simu tu". Inahusu maelezo yoyote ya mtu anayeweza kutambulika. Kabla ya kukuandika, wanapaswa kukuambia wanakuandika kwa nini na nani mwingine atayaona. Wachukue yale tu wanayoyahitaji kwa kazi hiyo, na wasikae nayo kupita haja yake. Habari za afya zimewekwa katika fungu la habari nyeti zinazotaka uangalifu zaidi. Hali ya ndoa imo katika fungu hilo pia. Kwa hiyo lile swali la binti, "Mama, umeolewa?", aliloliuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, lilikuwa swali zito kisheria. Sidhani kama kuna aliyemwambia.

Ni kweli sheria imewalegezea kamba watafiti katika mambo fulani, kama vile kuhifadhi na kutumia maelezo kwa ajili ya takwimu. Lakini masharti yake ni kwamba mtu asitambulike katika matokeo. Kumtumia mtu ujumbe kwa jina lake kumkumbusha alichouliza si takwimu kwa namna yoyote utakayoigeuza.

Kuna na suala la barua pepe na fomu za kujazwa kwenye mtandao. Miradi mikubwa ya utafiti wa afya hapa kwetu hufadhiliwa kutoka nje, na swali uliloandika ukiwa Kayole au Likoni linaweza kulala katika mtambo ulioko ng'ambo. Sheria ya 2019 inaruhusu maelezo kuvuka mpaka, ila kwa masharti, na kwa habari nyeti idhini yako inahitajika. Ni nani kati yenu aliyewahi kuulizwa?

Mtu atasema ninakuza jambo dogo. Basi nimkumbushe lililotokea mwezi wa Februari 2015, Rais alipoagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, walezi wao, kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia ilitajwa kuwa njema, yaani kupanga huduma. Lakini fomu iliyotumika ilikuwa na nafasi ya kuandika majina. Watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Desemba 2016 korti ikaamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba, na majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa njia ya kutotambulika. Kwa nini korti iliingilia hesabu za serikali? Kwa sababu kujua idadi ya watoto ni jambo moja, na kuwa na orodha yenye majina yao ni jambo lingine. Orodha ikishakuwapo, huhitaji mtu mbaya ili idhuru. Huhitaji tu kusahauliwa juu ya meza.

Sisi madaktari wa kliniki nasi tusijifanye malaika. Ni wangapi kati yetu tunaoita wagonjwa kwa majina matatu kamili katika ukumbi uliojaa, au tunaotumiana picha za majibu ya maabara kwa WhatsApp na kuziacha humo mwaka mzima? Baada ya kisa cha yule mwalimu nililifungua daftari la mapokezi katika kliniki yangu mwenyewe. Kila anayeingia huandika jina na sababu ya kuja, naye anayefuata huyasoma yote huku akingoja kalamu. Lilikuwa hapo miaka kumi na moja na sikuwahi kuliona. Nimeliondoa, na mhudumu wangu sasa anaandika mwenyewe kwenye kadi.

Kwa watafiti ninaomba jambo ambalo halina gharama kubwa. Simu ya maswali iwe ya mradi, isiwe ya mtu. Anayeipokea afundishwe kumwambia mpigaji, kabla ya lolote, kwamba si lazima ataje jina ili ajibiwe. Swali likishajibiwa na mtu hataki kuendelea, nambari ifutwe, na siku ya kufuta iwe imeandikwa katika mpango wa utafiti wenyewe. Na kamati za maadili, ambazo husoma tangazo la ukutani kwa makini kiasi hicho, ziulize pia: simu ikilia, nini hufuata?

Kwako wewe msomaji, usiache kuuliza. Ningesikitika sana kama utaikunja karatasi hii na kuamua kwamba watafiti ni watu wa kuogopwa. Chanjo na dawa tunazotumia zilipatikana kwa sababu kuna watu waliokubali kushiriki, na walikubali baada ya kuuliza. Ila ukipiga simu, anza wewe kuuliza: mnaandika jina langu, na kwa nini? Ukiambiwa ni kwa ajili ya kumbukumbu, waulize kumbukumbu ya nini. Kama unamuulizia mtu mwingine, sema hivyo mwanzoni, na usimtaje. Ikiwa ulishatoa jina na sasa unajuta, waandikie ukiomba kuonyeshwa walicho nacho kukuhusu, kisha uombe kifutwe. Kanuni za mwaka wa 2021 zinawapa siku saba kukuonyesha na siku kumi na nne kushughulikia ombi la kufuta. Hifadhi nakala ya barua yako. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Data, ambayo inatakiwa kumaliza uchunguzi katika siku tisini.

Yule mwalimu aliandika barua kama hiyo, tuliiandika pamoja mezani pangu. Jibu lilikuja siku ya tisa likisema jina lake limeondolewa katika daftari na katika simu. Aliniletea nilisome. Akaniuliza kama kuna namna ya kuhakikisha, nikamwambia hakuna. Presha yake imeshuka, ingawa si hadi pale ilipokuwa mwaka jana. Mdogo wake hakuwahi kwenda kwenye utafiti huo, na sikuthubutu kumshauri tena.

Wiki mbili zilizopita kijana wa mradi mwingine, wa ugonjwa wa kisukari, alifika kuomba nafasi ya kubandika tangazo. Nikamuuliza watu watakaopiga hiyo simu majina yao yatakaa wapi na kwa muda gani. Alifikiri kidogo, akasema atamuuliza mkubwa wake kisha arudi. Bado ninamngojea, na nafasi yake mlangoni ingali wazi.